Namna ya kusoma habari za GRU bila kuichanganya na KGB

Habari yoyote ya ushushushu wa Urusi ikitoka, utasikia mtu akisema, "Hao ni KGB." KGB, idara ya usalama na ujasusi ya Umoja wa Kisovyeti, ilivunjwa mwaka 1991. Mimi nahariri habari za kimataifa, na waandishi wapya wanaokuja mezani kwangu nawasisitizia jambo moja kuliko yote: kabla hujaandika mstari wa kwanza, jiulize bosi wa hawa watu ni nani.

FSB inashughulika zaidi na usalama wa ndani, SVR ni ujasusi wa nje wa kiraia, na zote mbili zimezaliwa na KGB. GRU ni idara ya ujasusi ya jeshi. Mkuu wake yuko chini ya Mnadhimu Mkuu wa majeshi ya Urusi na Waziri wa Ulinzi. Ndiyo maana mwaka 1991 GRU ilinusurika: aliyeandamwa alikuwa polisi wa siri, si mwanajeshi. Na ndiyo maana kazi zake huanza na mahitaji ya mwanajeshi, yaani silaha za adui, mawasiliano yake ya redio, mienendo ya vikosi vyake. Ina watu wake balozini wenye cheo cha mwambata wa kijeshi, na tangu 1950 ina vikosi maalumu vya spetsnaz vya kupenya nyuma ya mstari wa adui.

Ukishajua bosi, rudi kwenye historia, lakini usianze na orodha ya wakuu wa idara. Anza na watu. Idara ilianzishwa tarehe 5 Novemba 1918, Jeshi Jekundu likiwa vitani. Aliyeijenga hasa ni Yan Berzin, aliyeiongoza kuanzia 1924. Ni yeye aliyemchukua kama jasusi Richard Sorge, Mjerumani aliyeishi Tokyo kama mwandishi wa habari, mwanachama wa chama cha Nazi, rafiki wa kuaminika kwenye ubalozi wa Ujerumani. Sorge alionya kwamba Hitler angeivamia Urusi, Stalin hakumsikiliza. Baadaye mwaka huohuo wa 1941 akaripoti kwamba Japani isingeshambulia upande wa Siberia. Alikamatwa Oktoba na kunyongwa tarehe 7 Novemba 1944. Berzin mwenyewe alikuwa amekwisha kupigwa risasi na serikali yake mwaka 1938. Moscow ilikuja kumpa Sorge nishani ya Shujaa wa Umoja wa Kisovyeti mwaka 1964, miaka 20 baada ya kifo chake. Hao wawili wananiuma mpaka leo, na nadhani asiyewajua hataelewa idara hii inavyowatendea watu wake.

Soma pia habari za Igor Gouzenko, karani wa ujumbe wa siri ulioandikwa kwa mafumbo, aliyetoroka ubalozi wa Kisovyeti mjini Ottawa Septemba 1945 akiwa na nyaraka zilizofichua mtandao wa GRU nchini Kanada, na za kanali wa GRU Oleg Penkovsky, aliyewapa Waingereza na Wamarekani siri za makombora, kisha akauawa 1963.

Jina lisikubabaishe. Tangu 2010 jina rasmi ni Idara Kuu tu, neno "ujasusi" limeondolewa, ila kila mtu bado anasema GRU.

Sasa angalia namba za vikosi, kwa sababu habari za siku hizi zimejaa namba hizo. Kikosi 26165 na 74455 ni vya wadukuzi. Julai 2018 Marekani iliwafungulia mashtaka maafisa 12 wa vikosi hivyo kwa kuingilia uchaguzi wa 2016. Kikosi 29155 kinatajwa kwenye hujuma na mauaji, likiwemo shambulio la sumu ya Novichok dhidi ya Sergei Skripal, kanali wa zamani wa GRU, mjini Salisbury, Uingereza, Machi 2018. Urusi inakanusha yote hayo. Kwa hiyo andika nani anadai na nani anakanusha, kisha pima ushahidi.

Ushahidi mzuri unafananaje? Chukua kisa cha The Hague. Maafisa wanne wa GRU waliingia Uholanzi kwa pasipoti za kidiplomasia, wakakodi gari na kuliegesha kwenye hoteli iliyo jirani na OPCW, shirika linalopiga vita silaha za kemikali. Kwenye buti kulikuwa na mitambo ya kunasa Wi-Fi, antena ikiwa imefunikwa kwa koti. Mmoja wao alikuwa na risiti ya teksi: kutoka mtaa ulio jirani na jengo la GRU jijini Moscow hadi uwanja wa ndege wa Sheremetyevo. Waholanzi walizionyesha hadharani picha za vitu hivyo. Kwangu risiti kama hiyo ina uzito kuliko maneno "vyanzo vya kijasusi vinasema", ambayo msomaji hana namna ya kuyakagua.

Mwisho, tenganisha tarehe ya tukio na tarehe ya tangazo. Wale wanne walinaswa na kufukuzwa tarehe 13 Aprili 2018; dunia iliambiwa tarehe 4 Oktoba, siku ileile Uingereza na Marekani zilipotoa tuhuma zao dhidi ya GRU. Siku hiyo ilipangwa, na mwandishi anapaswa kuwaambia wasomaji hivyo.