Somo: Kijitabu cha konseti hakina mwaka? Fanya hivi

Wadau, wengi mnaopekua vijitabu vya konseti za zamani za miji ya mikoani kule Uingereza mnakwama palepale, juu kuna siku na tarehe, mwaka hakuna. Aliyekinunua mlangoni alijua yuko mwaka gani bana, nani angehangaika kumwandikia. Nachukulia Huddersfield, mji wa viwanda vya sufu huko Yorkshire, maana kwaya yao, Huddersfield Choral Society, ipo tangu 1836 na ikifika Krismasi ni Messiah ya Handel, utunzi mrefu wa kwaya na okestra, vijitabu vinafanana mpaka vinachosha.

Hatua ya 1. Anza na siku na tarehe. Tuseme kimeandikwa Ijumaa 19 Desemba. Rudisha kalenda ya simu nyuma, kati ya 1930 na 1960 utapata 1930, 1941, 1947, 1952 na 1958 basi. Mtu anakimbilia kuangalia karatasi imechakaa vipi, karatasi inadanganya, iliyokaa darini kwenye unyevu inazeeka kuliko umri wake.

Hatua ya 2. Vyeo vya watu. Hapa ndo penye utamu wenyewe, Waingereza wanapenda vyeo na hawasahau kuviprinti. Malcolm Sargent aliiongoza kwaya hiyo kuanzia 1932 hadi 1967, kwa hiyo ukiona jina lake kama kondakta wao, 1930 futa. Ukikuta "Dr. Malcolm Sargent" ujue hajapewa usir, yaani cheo cha heshima cha "Sir", aliupata 1947, basi kwenye mfano wetu inabaki 1941 peke yake. Ukikuta "Sir" tunaongelea 1947 na kuendelea. Mtunzi Elgar naye hivyohivyo, "Sir" ni kuanzia 1904, na zile herufi O.M. baada ya jina (Order of Merit, nishani ya heshima) ni 1911 kuendelea. Hata okestra zina vyeo, ya Liverpool ikiandikwa "Royal" ni 1957 au baadaye.

Hatua ya 3. Wimbo wa taifa. "God Save the King" ni 1901 mpaka mwanzoni mwa Februari 1952. Ikiwa "Queen", ni Victoria au Elizabeth. Ijumaa yetu ikiwa na Sir na Queen, zimebaki 1952 na 1958.

Hatua ya 4. Bei na matangazo. 5/- ni shilingi tano, mnaijua hiyo, hata kwetu tunaandika hivyohivyo. Shilingi na peni za zamani ziliisha 15 Februari 1971. Tangazo la mabomu ya ndege, kwamba ving'ora vikilia mtaambiwa, hilo ni la wakati wa vita.

Hatua ya 5. Ukishabaki na miaka miwili ingia kwenye gazeti la mji, Huddersfield Examiner, tafuta siku chache baada ya konseti, waandishi walikuwa wanaisifia au kuiponda.

MASWALI

Mkuu asante kwa somo, sasa hiyo 1952 na 1958 kama gazeti sina?
Angalia waimba solo. Kwa mfano akiwemo Kathleen Ferrier, yeye alifariki Oktoba 1953, 1958 haiwezekani.

Hivi vijitabu tunavipata wapi tulio mbali?
Kuna Concert Programmes Database, waliitengeneza Cardiff University na Royal College of Music. Lakini usitegemee picha, inakwambia mkusanyo upi upo maktaba ipi, alafu unawaandikia wenyewe email. Taja mji, ukumbi na tarehe, ukiuliza kijumlajumla utajibiwa kijumlajumla.

Kaka kuna Mwafrika yeyote utamkuta humo?
Yupo. Tafuta Gloucester, Septemba 1898, tamasha la Three Choirs. Samuel Coleridge-Taylor, baba yake daktari wa Sierra Leone, Ballade yake ya A minor, kipande cha okestra, ilipigwa hapo kwa mara ya kwanza, na aliyempigia debe ni huyohuyo Elgar. Alikuwa na miaka 23.

Mimi ni mwanakwaya Dodoma, kwenye kijitabu kimoja nimeona tangazo la nota za solfa, ni hizihizi zetu?
Ndo zenyewe dada, d r m f. Alianza mwalimu Sarah Glover wa Norwich, John Curwen akazirekebisha na kuzisambaza, kwaya za wafanyakazi wa viwandani zikajifunzia humo, na wamishenari wakaja nazo Afrika. Lile tangazo usilikate ukiskani, mara nyingine lina bei na anwani ya duka, vinasaidia kupata mwaka.