Kupandisha mbwa wa kuwinda: jua kwanza kila damu inaleta nini

Mahindi yakianza kubeba, wakulima wa vijiji vinavyopakana na pori huanza kuulizia mbwa. Nyani wanashuka mchana, nguruwe pori wanaingia usiku, na mlinzi mmoja mwenye tochi hatoshi. Swali linalokuja mara nyingi ni hili: jike wangu wa kienyeji nimpandishe kwa dume la mbegu gani ili nipate watoto wa kazi? Wengi wakiuliza hivyo wameshaona picha ya mbwa fulani kwenye simu na moyo umeshaenda. Mimi nashauri uanzie kwingine: kazi unayotaka ifanyike, mwili wa jike uliye naye, na maradhi yanayosafiri ndani ya kila damu.

Tuelewane mapema kuhusu sheria. Mbegu hizi zilitengenezwa kwa uwindaji, lakini Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Tanzania kuwinda mnyamapori bila kibali ni kosa. Ninachozungumzia hapa ni kufukuza wanyama shambani na kulinda boma.

Mbwa wa kuwinda wamegawanyika makundi mawili makubwa, na tofauti yake iko kwenye kiungo wanachokitegemea. Wako wanaowinda kwa macho: Greyhound wa Uingereza, Saluki wa nchi za Uarabuni na jamaa zao. Kifua chao kimeshuka chini, kiuno chembamba, miguu mirefu, mwilini hakuna mafuta ya kusema. Greyhound hukaribia kilomita 70 kwa saa, ila kwa mwendo mfupi tu. Mbwa wa namna hii hukimbiza anachokiona, na mnyama akizama kichakani kazi yake imekwisha. Ndiyo maana Saluki ameheshimiwa karne nyingi jangwani, kuanzia Oman hadi Syria, ambako jicho linafika mbali. Kwenye shamba lililozungukwa na vichaka hatakusaidia sana. Na kama una mbwa mwenye damu hiyo, mwambie daktari wa mifugo kabla hajamchoma dawa ya usingizi, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo huchelewa sana kutoka mwilini mwa Greyhound na wenzake.

Kundi la pili huwinda kwa pua: Bloodhound, Foxhound, Beagle. Hawa si wa mbio kali bali wa subira. Pua ikishika harufu, masikio hufunga. Utamwita mpaka sauti ikauke. Foxhound na Beagle hubweka wakiwa kwenye harufu, na hilo ni jema shambani kwa sababu unajua mnyama yuko upande gani. Bloodhound ni bingwa wa nyayo zilizopoa, na Hifadhi ya Virunga nchini Kongo imemtumia kufuatilia majangili. Ila usimtarajie kuwa mlinzi wa boma. Kwa watu ni mpole mno. Masikio yake marefu yanataka kukaguliwa kila wiki, maana hufunika unyevu ndani na kuoza ni rahisi.

Kwa kazi ya shamba, mbegu ninayoiona inafaa kufikiriwa zaidi ni Ridgeback wa kusini mwa Afrika. Yeye mwenyewe ni chotara. Mbwa wa Wakhoikhoi, waliokuwa na mstari wa manyoya yaliyogeukia mbele mgongoni, walichanganyika na mbwa wa walowezi wa Kizungu, na mwaka 1922 wafugaji wakakutana Bulawayo, Zimbabwe ya leo, kuandika sifa za mbegu hiyo. Dume husimama sentimita 63 hadi 69 begani, jike 61 hadi 66. Kazi aliyochaguliwa ni kumzunguka simba, kumbwekea na kumkwepa hadi mwindaji afike. Hakutakiwa kumrukia. Tabia hiyo ndiyo unayoitaka mbele ya nguruwe pori au nyani dume. Mbwa anayeng'ata na kung'ang'ania hupasuliwa na meno ya nyani siku ya kwanza. Anayebweka na kukwepa hurudi nyumbani mzima, na mahindi yanabaki.

Basenji wa misitu ya Kongo naye anasifiwa, na kweli ni mbwa safi, mwepesi na mwenye akili. Lakini habweki kama mbwa wengine. Wenyeji humfunga kengele shingoni ili wajue alipo anapoelekeza wanyama kwenye nyavu. Jike wake kwa kawaida huingia kwenye joto mara moja tu kwa mwaka. Ukimtafuta mbwa wa kukuamsha usiku, huyu siye.

Sasa uchotara wenyewe. Watu hudhani ukichanganya Greyhound na Bloodhound utapata mbio za mmoja na pua ya mwingine. Unaweza kupata nusu ya kila kimoja, yaani mbwa asiye na mbio wala pua ya kukutosha. Mchanganyiko unaofanikiwa huwa na shabaha moja iliyo wazi. Uingereza, wanaofuatilia nyayo za binadamu kwa makundi ya Bloodhound huingiza damu ya Foxhound, kwa sababu Bloodhound wa ukoo safi ni mzito na huchoka upesi. Wanachukua kitu kimoja, uimara wa mwili, na hawaachi kupima pua ya kila mtoto.

Uzao wa kwanza baina ya mbegu mbili zilizo mbali kiukoo huwa na afya nzuri, na watoto hufanana kiasi. Hapo ndipo wengi hudanganyika: humchukua chotara dume na chotara jike, mara nyingine kaka na dada, wakawapandisha wakitegemea wapate wale wale. Uzao wa pili hutawanyika. Mmoja mrefu, mmoja mfupi, mmoja mwoga, mmoja mkali kwa watoto wa nyumbani. Maradhi yaliyokuwa yamejificha nayo hujitokeza. Ukimpata chotara mzuri wa uzao wa kwanza, mrudishe kwa mbwa wa kienyeji mwenye kazi, au kwa dume la mbegu ile ile lisilo ndugu yake.

Kwa Ridgeback lipo jambo la kuangalia kwa mikono yako. Kinasaba kinacholeta mstari wa mgongoni ndicho pia kinachomweka mtoto kwenye hatari ya kuzaliwa na kijifereji cha ngozi, kinachoanzia juu ya mgongo na kuzama ndani, mara nyingine hadi karibu na uti wa mgongo. Hatari ni kubwa zaidi kwa mtoto aliyerithi kinasaba hicho kwa baba na kwa mama. Dume la Ridgeback likimpanda jike wa kienyeji, mtoto hawezi kupata zaidi ya nakala moja ya kinasaba hicho: watoto wote watakuwa na mstari kama dume lina nakala mbili, au karibu nusu yao kama lina moja. Lakini ukiwapandisha chotara wawili wenye mstari, tarajia robo ya watoto kuwa na nakala mbili na robo nyingine kukosa mstari kabisa. Huyo asiye na mstari hana kasoro yoyote ya kazi. Wapo wafugaji waliokuwa wakiwaua watoto wa namna hiyo wakizaliwa, na ni ukatili usio na faida, kwa sababu walikuwa wanawaondoa wasio na kinasaba cha hatari.

Ukaguzi wake ni huu. Siku chache baada ya kuzaliwa, mshike mtoto kiganjani, lowesha manyoya ya kisogo, kisha uvute ngozi juu kwa kidole gumba na cha shahada ukiibiringisha taratibu kuelekea mabegani. Rudia kuanzia mwisho wa mgongo hadi mkiani. Ngozi nzima huteleza huru. Penye kijifereji utahisi kitu kama uzi mgumu unaoshuka chini, na ukivuta ngozi itabonyea badala ya kuinuka. Usikikamue. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, maana kinaweza kujaa usaha baadaye na huondolewa kwa upasuaji. Fanya hivyo kila wiki hadi watoto wafikishe wiki nane, na mbwa aliyekuwa nacho asizalishwe.

Usimdharau jike wa kienyeji kwenye hesabu hii. Mbwa waliokulia kwenye kupe kwa vizazi na vizazi hustahimili kuliko wageni. Dume lililoletwa kutoka mbali likiwekwa kwenye eneo lenye mbung'o bila uangalizi linaweza kufa kwa ndorobo, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, kabla halijaacha uzao. Ukiona homa, mbwa anakonda na jicho linaingia ukungu wa rangi ya samawati, usisubiri kesho. Mkojo mwekundu na fizi nyeupe ni dalili ya ugonjwa wa kupe, nao hauna subira. Chotara pia huugua, kwa hiyo dawa ya kupe ni kwa wote.

Jike asipandishwe kwenye joto lake la kwanza. Ngoja afikishe mwaka mmoja na nusu au miwili. Dume lisimzidi sana kwa umbo, hasa kama jike ni mdogo, kwa kuwa watoto wakiwa wachache huwa wakubwa na kuzaa kunakuwa taabu. Joto huanza na damu, na jike humfukuza dume. Kwa wengi, kati ya siku ya 9 na ya 14 damu hupauka na jike husogeza mkia pembeni. Hapo mpandishe, ruka siku moja, urudie. Wakinasana waache, huweza kuchukua hadi nusu saa, na kuwavuta au kuwamwagia maji kunawaumiza wote wawili. Baada ya hapo mfungie ndani hadi siku ya 21 tangu damu ianze. Hili halisisitizwi vya kutosha: jike mmoja anaweza kubeba watoto wa madume mawili katika mimba moja, na mbwa wa jirani aliyeruka ua usiku mmoja atakuharibia mpango mzima. Mimba huchukua takriban siku 63.

Wape watoto dawa ya minyoo wakiwa na wiki mbili, kisha kila baada ya wiki mbili hadi ya nane, pamoja na mama yao. Usiwalishe matumbo na maini mabichi ya mbuzi au ng'ombe, kwa sababu minyoo mbwa anayoipata humo huishia kwa watu wa nyumbani kama uvimbe mkubwa wa ini au mapafu. Turkana wanaujua ugonjwa huo vizuri.

Tabia ya kazi huanza kuonekana kati ya miezi sita na kumi na miwili. Mpeleke kijana shambani pamoja na mbwa mzoefu umtazame: anabweka na kurudi nyuma, au anavamia? Anaitika ukimwita? Anayefaa mweke kwa uzazi, wengine wahasiwe kabla hawajamaliza mwaka na wabaki walinzi wa kawaida. Chanjo ya kichaa cha mbwa wapate wote wakifikisha miezi mitatu, na anayehamia kwa mwenye shamba mwingine aondoke na kadi yake ya chanjo iliyoandikwa baba yake na mama yake ni nani.