Kukagua duka la vyakula: anzia stoo

Haya nawaandikia maafisa afya waliopangiwa kata kwa mara ya kwanza hapa Tanzania. Masuala ya usalama wa chakula yalihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS) mwaka 2019, lakini anayepita madukani siku kwa siku bado ni wewe wa halmashauri.

Hatua ya 1: Ingia kwa adabu. Salimia, onyesha kitambulisho, eleza kilichokuleta. "Shikamoo mzee, nimekuja kukagua, naomba tuzunguke wote." Asikuache peke yako hata dakika moja, maana ukikuta tatizo atasema umelileta wewe.

Hatua ya 2: Nenda stoo kwanza. Rafu za mbele hupangwa kwa ajili ya mteja. Stoo ndiko utakakojua kama magunia yako juu ya chaga au yanalala sakafuni, kama kuna mavi ya panya, kama dawa ya mbu imewekwa jirani na unga. Kumbuka pia katoni ulizoziona huko. Utazihitaji sasa hivi.

Hatua ya 3: Geuza pakiti, usome. Tafuta jina la chakula, viambato (kilicho kingi hutangulia), uzito halisi, jina na anwani ya mtengenezaji, namba ya toleo (ya bidhaa zilizotengenezwa kwa mkupuo mmoja), tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi.

Kwenye tarehe, usiwe na haraka. Pitisha ukucha uone kama kuna kibandiko juu ya kingine, kisha inamisha pakiti kwenye mwanga. Niliwahi kushika maziwa ya unga ya watoto yenye tarehe safi kabisa, ila chini ya wino kulikuwa na kivuli cha tarakimu nyingine. Nikarudi stoo. Aliyefuta tarehe kwenye pakiti alisahau katoni, na katoni ilionyesha kuwa muda umekwisha miezi minne nyuma. Tangu siku ile silinganishi pakiti na maneno ya muuzaji, nalinganisha na katoni yake. Maziwa yale yangenyweshwa mtoto mchanga.

Hatua ya 4: Kagua chakula chenyewe. Kopo lililovimba litenge, wala usilifungue ili unuse. Chumvi ijaribu kwa matone ya kipimo cha madini joto: ikigeuka bluu au zambarau, madini yamo. Isipobadilika rangi, chukua sampuli hata kama pakiti imeandikwa kuwa yamo.

Karanga na mahindi yenye ukungu au unyevu yazuie. Ila yaliyo safi kwa macho nayo yanaweza kuwa na sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, na kupika hakuiondoi. Ndiyo iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Ukiwa na shaka, peleka maabara.

Hatua ya 5: Andika. Kila unachozuia kiandikwe jina, namba ya toleo, idadi na tarehe, mwenye duka asaini na shahidi asaini. Sampuli iwe pakiti ambazo hazijafunguliwa, za toleo moja, zifungwe kwa lakiri mbele yake. Vya kuteketezwa simamia mwenyewe mpaka mwisho, pakiti zichanwe na makopo yatobolewe, kwa sababu vikitupwa jalalani vikiwa vizima vitaokotwa na kurudi sokoni.

Mwachie nakala, mpe siku za kurekebisha. Siku zikifika rudi bila kupiga simu, na uanzie tena stoo.