Jinsi ya kupiga muziki wa hausi wa zamani Sinza bila kuwakimbiza watu

Usianze nayo. Mimi ni DJ, hupiga Sinza, Dar es Salaam, kila Ijumaa, na hausi ya Chicago huiingiza kama saa sita usiku, amapiano ikishawalainisha. Amapiano hutembea kwenye mapigo kama 112 kwa dakika, hausi ya miaka ya 80 karibu 120. Panda kidogo kidogo kwa nyimbo tatu, hakuna atakayeshtuka.

"Can You Feel It" ya Larry Heard, mtayarishaji wa hausi wa Chicago, imeshapigwa sana. Wewe tafuta "Mystery of Love" ya Fingers Inc., kundi la Heard na mwimbaji Robert Owens. Besi inazunguka palepale, sauti ya Owens inaelea juu yake kama mtu anayekusimulia siri. Naipenda mno! Usiikate mapema, ipe dakika nne walau.

Karibu na kufunga, weka albamu ya Virgo ya 1989, kazi ya Eric Lewis na Merwyn Sanders. Huzuni tamu.

Rekodi hizi besi yake ni nyembamba kuliko za leo. Iongeze kwenye miksa taratibu, spika zisikorome. Na ukiombwa singeli, ule muziki wetu wa kasi, ipige kabla ya Virgo, si baada.