Madoa meusi ya mashine ya kufulia: angalia juu ya droo kwanza

Mteja wangu mmoja Sinza aliniita mara ya pili kwa mashine ileile. Mara ya kwanza nilisugua mpira wa mlango ukatakata, nikalipwa, nikaondoka. Wiki mbili hazijaisha, weusi umerudi na mataulo yananuka kama dekio.

Kosa lilikuwa langu. Kuvu huingia na maji, kisha hujishikiza kwenye mpira na plastiki. Mwaka 2011 watafiti wa Slovenia walitoa matokeo ya mashine 189 za kuoshea vyombo kutoka nchi 18: asilimia 62 zilikuwa na kuvu kwenye mpira wa mlango, hasa Exophiala, anayestahimili joto, chumvi na sabuni. Za nguo nazo haziponi.

1. Chomoa umeme, funga bomba.

2. Vaa glovu. Funua mikunjo ya mpira, futa kwa jiki iliyochanganywa na maji, acha dakika chache, suuza. Siki usiilete karibu: ikikutana na jiki inatoa gesi ya klorini. Fungua madirisha.

3. Hapa ndipo nilipopoteza nusu siku. Chomoa droo ya sabuni yote. Nyingi zina kidude cha kubonyeza katikati. Kuiosha droo haitoshi. Ingiza kioo kidogo cha mkononi na tochi ya simu, utazame juu, kwenye vitundu vinavyodondosha maji. Kwa yule mteja palikuwa na utelezi mweusi mnene kama masizi ya sufuria, na kila akifua ulishuka na maji hadi kwenye nguo. Sugua kwa mswaki wa zamani uliolowa tu. Usipulizie maji kuelekea juu, maana mashine nyingine zina saketi jirani na hapo. Brashi ya waya sitaki kuiona: inachubua plastiki, na mchubuko ndio makao mapya. Kilainishi cha nguo nacho nimekipiga marufuku kwangu, kinaacha utando ambao kuvu wanaula.

4. Fungua chujio la pampu, chini mbele, ulisafishe. Weka beseni kwanza.

5. Rudisha umeme na maji, endesha tupu kwa nyuzi 60 au zaidi. Anayefua kwa maji baridi siku zote arudie kila mwezi.

6. Mlango na droo viachwe wazi.

7. Funga bomba tena, fungua mpira wa maji nyuma ya mashine, utazame kichujio kidogo cha wavu. Ukikuta utelezi, panda kwenye simtanki. La yule mteja halikuwa na mfuniko.