Kuongoza sala ya jumuiya mtaani bila kugawa matumaini hewa

Anayekabidhiwa uongozi wa jumuiya ndogondogo, yaani kikundi cha Wakatoliki majirani wanaosali pamoja, katika mtaa kama Pasua au Njoro, hapa Moshi, aanze na saa. Wanajumuiya wengi ni vibarua, mama lishe na wachuuzi wanaowahi soko la Mbuyuni. Kwa hiyo sala ianze saa 12 kamili asubuhi na isizidi dakika 40, maana mtu anayewaza wateja wanaompita ameshaacha kusali hata kama bado amefumba macho. Maaskofu Wakatoliki wa AMECEA, shirikisho la mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walipozipa jumuiya hizi kipaumbele mwaka 1976, walitaka Kanisa liishi pale watu wanapoishi, na huko watu huamkia riziki.

Baada ya wimbo wa mwanzo, toa nafasi ya kulia kabla ya kushukuru. Hapa ndipo viongozi wengi hukosea, kwa kudhani kwamba manung'uniko ni upungufu wa imani. Zaburi ya 13 ina aya sita tu: inaanza kwa kumuuliza Mungu "hata lini" mara nne, na inamalizika kwa kuimba. Isomwe polepole, kisha mnyamaze. Katika jumuiya yetu mama mmoja muuza ndizi, ambaye kwa wiki kadhaa hakuwa amefungua kinywa, alisema tu kwamba beseni zima limemwozea na kodi ya chumba imefika. Hakuna aliyemjibu kwa aya wala kwa ushauri. Tulisikia bodaboda ikipita nje, kisha jirani yake akaanzisha wimbo, naye akaitikia ubeti wa pili.

Nia za maombi ziandikwe kwenye daftari, na kila moja iwe na siku yake. "Mungu atuinue" ni nia njema, lakini Jumamosi ijayo hutajua uulize nini. Afadhali mtu aseme, "Niombeeni Jumanne, nakwenda kumsihi mwenye nyumba aniongezee wiki mbili." Wiki inayofuata daftari lisomwe na kila mwenye nia aulizwe kilichotokea, ile ambayo haijajibiwa isifutwe, bali isomwe tena pamoja na mpya.

Kikapu cha mfuko wa huruma kipitishwe kikiwa kimefunikwa kitambaa, ili asiye na kitu aingize mkono kama wengine na asijulikane. Fedha zihesabiwe na watu wawili mbele ya wote. Akija mgeni anayedai kwamba aliyebanwa na madeni "apande mbegu", yaani atoe fedha, ndipo afunguliwe, mwenyekiti amkatalie papo hapo, kwa adabu. Nionavyo mimi, huko ni kumkopesha maskini tumaini kwa riba.

Kabla ya kutawanyika, andika ni nani atakayempitia mgonjwa wa wiki hiyo, siku gani, na kama atabeba uji au ataupikia hukohuko.