Rangi ya kalipa haishiki bila kufutwa vizuri

Ukipaka rangi nyumbani kalipa za gari, yaani vifaa vinavyobana pedi za breki kwenye diski, tumia brashi ya inchi 1 badala ya kupuliza, na kabla ya hapo futa kalipa kwa dawa ya kusafishia breki mpaka kitambaa cheupe kitoke bila doa. Rangi nyingi hubanduka kwa sababu chini yake kumebaki vumbi la breki lililogandamana na grisi. Usifutie dizeli wala mafuta ya taa, huacha utando wa mafuta. Gari likae kwenye stendi, si jeki peke yake. Toa tairi, kwangua kutu kwa brashi ya waya, piga msasa, ndipo ufute. Paka mikono (tabaka) 2 au 3 myembamba, ukiacha kila mmoja ukauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Mkono mzito huchuruzika na ndani hubaki laini. Rangi iwe ya kustahimili joto, nyuzi 250 kwenda juu. Ya geti itababuka tu. Usiguse raba ya pistoni, pini, nati ya kutolea hewa, wala mahali pedi zinapoteleza: rangi ikikauka hapo, pedi hukwama na breki hushika muda wote. Diski ifunike kwa gazeti. Kama kalipa inavuja oili ya breki, itengeneze kwanza, maana oili hiyo hula rangi. Na kama rimu zako zimeziba, hazina matundu ya kuonyesha kalipa, hakuna atakayeiona rangi, usijisumbue.